Nani Abaki Lindoni? Kuchagua Walinzi wa Jimu Kwenye Pokémon GO



Mpendwa kijana, leo tuongee kuhusu gemu. Najua wapo watakaoshangaa, lakini wengi wetu tunacheza Pokémon GO, na kuna swali moja ambalo wadogo zangu wa kwaya hawaachi kuniuliza: "Kaka, kwenye jimu nimwache nani? Kila nikiweka, natolewa."

Ukisikiliza vizuri, nyuma ya swali hilo kuna swali la hela. Sarafu za kwenye gemu zina njia kuu mbili: uzinunue kwa pesa halisi, au uweke walinzi kwenye jimu wakuletee. Kwa mwenye mshahara hilo si tatizo. Kwa mwanafunzi ambaye mfukoni ana nauli na hela ya chai tu, kutolewa kila siku ndiko kunakomfanya aanze kuiangalia nauli kwa jicho la pembeni. Mmoja aliniambia wazi kwamba siku hizi anarudi kwa mguu kutoka shule ili nauli iende kwenye sarafu. Ndiyo maana nimeona swali lake tulijibu kama somo kamili, hatua kwa hatua. Mtu akijua kuchagua walinzi, nauli inabaki kuwa nauli.

Kwanza, tuielewe jimu yenyewe

Pokémon GO ilitoka Julai 2016, ikatengenezwa na Niantic. Mfumo wa jimu tunaoutumia leo ulikuja katikati ya mwaka 2017, na wengi wanaokosea kuchagua walinzi bado wanafikiri kwa mfumo wa zamani, ule ambao mwenye CP kubwa ndiye aliyekaa juu.

Jimu ina nafasi 6. Zote ni za timu moja: Valor wekundu, Mystic wa bluu, au Instinct wa njano. Kila mchezaji anaweka Pokémon mmoja tu kwenye jimu moja, na hakuna kurudia aina. Kama Blissey yupo tayari, Blissey wako hapiti. Hili tu peke yake linakuambia kwamba lazima uwe na walinzi wa akiba, maana nafasi ya "yule bora" mara nyingi imeshachukuliwa.

Halafu kuna ari. Ule moyo unaouona juu ya mlinzi ndio ari yake. Unapungua wenyewe kadiri muda unavyokwenda, na unapungua zaidi kila anaposhindwa pambano. Ari ikishuka, CP yake nayo inashuka. Mlinzi mwenye ari kamili anahitaji kushindwa kama mara tatu ndipo aondoke. Mwenye ari iliyokwisha, pambano moja tu linamtosha, anarudi nyumbani.

Sasa sarafu. Mlinzi anapata sarafu 1 kila dakika 10, yaani 6 kwa saa, na kikomo ni sarafu 50 kwa siku kutoka kwenye jimu zote kwa pamoja. Unalipwa pale anaporudi. Piga hesabu: sarafu 50 ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20.

Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Mlinzi aliyekaa saa 9 na mlinzi aliyekaa siku tatu, kila mmoja akirudi siku yake peke yake, wote wanakuja na sarafu 50 zilezile. Kwa hiyo huhitaji mlinzi asiyeanguka. Unahitaji mlinzi anayemaliza zamu yake, kisha arudi nyumbani. Shika hilo, mengine yote yanafuata.

1. Usidanganywe na CP

Kosa la kawaida ni kufungua orodha, kuipanga kwa CP, na kumchukua wa kwanza. Hebu tuone kwa nini hilo halisaidii.

Hesabu ya CP inaipa nguvu ya kushambulia uzito mkubwa kuliko ulinzi na HP. Lakini mlinzi wa jimu haongozwi na wewe. Anaongozwa na gemu, na anapiga polepole kuliko mchezaji mwenye kidole chepesi. Hivyo ile nguvu kubwa ya kushambulia inapotea bure. Kinachomsaidia mlinzi ni kustahimili.

Angalia namba za msingi za HP. Dragonite ana 209. Tyranitar ana 225. Hao wawili ndio watu wanaowapenda kuwaweka kwa sababu wanatisha kwa CP. Blissey ana 496. Zaidi ya mara mbili!

Isitoshe, Dragonite ni Joka na pia Ndege, na vyote viwili vinaumizwa na Barafu. Pigo la aina inayokuumiza linazidishwa kwa 1.6, ukiwa na udhaifu mara mbili linafika 2.56. Tyranitar naye ni Mwamba na Giza, ana udhaifu mara mbili kwa aina ya Mapigano. Machamp mmoja wa kawaida anammaliza huku mwenye simu anakunywa soda.

Na kuna Slaking. CP yake ni kubwa mno, ukiiona unadhani umepata mfalme. Lakini pigo lake la haraka ni Yawn, yaani kupiga miayo, na linaumiza sifuri. Mlinzi anapiga miayo getini! Jina kubwa, kazi hakuna.

Kuna jambo lingine: kadiri CP inavyokuwa kubwa, ndivyo ari inavyopungua haraka. Mwenye CP kubwa sana anachoka mapema kuliko yule wa kati. Kwa hiyo vumbi la nyota ulilotumia kumpandisha hadi mwisho linaweza hata kukurudisha nyuma.

2. Walinzi wazuri ni wa aina ya Kawaida

Hili nalipenda sana. Kwenye gemu hii, Mewtwo, Rayquaza na wenzao wote wa kundi la Legendary hawaruhusiwi kukaa kwenye jimu. Wanapigana, wanasifiwa, lakini lindoni hawabaki. Na wale watatu ambao mshambuliaji akiwaona anashusha pumzi, yaani Blissey, Chansey na Snorlax, ni wa aina inayoitwa Kawaida. Ndiyo, hilo ndilo jina lake.

Blissey ana HP 496, Chansey 487, Snorlax 330. Chansey CP yake ni ndogo hadi watu wanamdharau, lakini CP hiyo ndogo inamfanya adumu na ari muda mrefu. Pambano moja la jimu lina sekunde 100. Asiyejiandaa anaweza kumpiga Chansey au Blissey mpaka sekunde zikaisha na mlinzi bado amesimama.

Kumbuka pia mshambuliaji ni binadamu. Ana safari zake, chaji inakwisha, bando linakwisha. Anapofika kwenye jimu anaangalia walinzi na kujiuliza swali moja: "Hawa watanichukua muda gani?" Kumtoa mlinzi mwenye ari kamili ni kumshinda kama mara tatu. Akiona Blissey, Chansey na Snorlax wote wana moyo uliojaa, mara nyingi anasema, "Nitarudi baadaye," anaendelea na njia. Umeshinda pambano ambalo halikupiganwa.

3. Mwangalie jirani kabla hujaweka wako

Walinzi wanapigwa kwa mpangilio wa waliotangulia: aliyeingia kwanza anapigwa kwanza. Wewe ukifika sasa, unasimama nyuma ya aliyepo. Hivyo kabla hujabonyeza, soma foleni. Jiulize: aliyekuja kumpiga huyu wa mbele yangu atakuwa ameshika nini? Kisha weka mlinzi ambaye silaha hiyo haimfai.

Tuchukue mfano. Jimu ina Blissey peke yake. Atakayekuja kumpiga ataleta Mapigano, mara nyingi Machamp, maana ndicho kitu kinachoiumiza aina ya Kawaida. Ukimweka Snorlax nyuma yake, umemrahisishia. Machamp yuleyule anaendelea mbele bila hata kubadilishwa.

Lakini ukimweka Togekiss, mambo yanageuka. Togekiss ni Fairy na Ndege, na zote mbili zinapunguza Mapigano. Pigo la Machamp linabaki kama asilimia 39 tu ya nguvu yake, na mapigo ya Togekiss ndiyo hasa yanayomuumiza Machamp. Mshambuliaji analazimika kubadilisha, alete Umeme au Mwamba.

Sasa nyuma ya Togekiss mweke Metagross, ambaye ni Chuma na Akili. Mwamba haumtikisi, na Umeme kwake ni pigo la kawaida tu. Mtu atafute Moto. Nyuma ya Metagross mweke Milotic, ambaye ni Maji. Moto unazimika. Abadilishe tena, arudi kwenye Umeme. Baada ya Milotic ndipo Snorlax aingie, na pale mtu lazima amrudishe Machamp ambaye pengine ameshaumia. Chansey afunge mstari.

Umeona? Hakuna hata mmoja kati ya hao asiye na udhaifu. Kila mmoja anaumizwa na kitu fulani. Ila udhaifu wa mmoja umefunikwa na aliye nyuma yake. Sita waliopangwa hivi wanamchosha mtu kuliko sita wenye CP kubwa waliojipanga ovyo.

Jambo muhimu: walinzi hao sita ni wa watu sita tofauti, na wengi hamjuani. Huwezi kumpangia mtu mwingine. Unachoweza ni kuweka wako kwa kumfikiria aliyetangulia. Ukimkuta Blissey wa mtu usiyemjua, mwekee Togekiss mgongoni. Hatakushukuru, kwa sababu hata hajui ni nani. Lakini mlinzi wake atadumu zaidi kwa sababu yako, na wako kwa sababu yake.

4. Mpe pigo linalofaa

Blissey, Chansey na Snorlax wote wanaweza kuwa na pigo la haraka la Zen Headbutt, ambalo ni la aina ya Akili. Akili inaumiza Mapigano. Kwa hiyo Machamp anapokuja kwa mbwembwe, kila pigo la mlinzi wako linamrudia kwa 1.6. Kwa Blissey, ongeza Dazzling Gleam kama pigo kubwa. Ni la Fairy, nalo linaumiza Mapigano pia. Kama una Fast TM iliyolala begini, hapa ndipo pa kuitumia.

5. Na kama sina Blissey?

Hili ni swali la wengi, na jibu ni: anza na ulichonacho. Eevee anapatikana kwa urahisi. Kwa pipi 25 anakuwa Vaporeon, na jina la Rainer ukimpa kabla ya kumbadilisha linahakikisha unapata Vaporeon (hii inafanya kazi mara moja tu). Vaporeon ana HP 277, kuliko Dragonite na Tyranitar wote wawili.

Jigglypuff naye, ambaye wengi wanamtupa, akikua anakuwa Wigglytuff mwenye HP 295. Ni Kawaida na Fairy, kwa hiyo Mapigano kwake ni pigo la kawaida, si la kumuua. Mweke nyuma ya Blissey wa mwenzako na umefanya kazi ya maana. Nimewaona vijana wamebeba Wigglytuff mwezi mzima begini bila kujua wana mlinzi mzuri mkononi.

Usisahau kwamba mlinzi lazima awe na HP kamili ndipo akubaliwe. Anaporudi kutoka zamu anakuja amezimia. Mpe Revive, mtibu, ndipo umpangie zamu nyingine.

6. Mlinzi aliyewekwa na kusahauliwa

Kuna wanaoweka mlinzi kisha wanamsahau, halafu wanalalamika ametolewa. Ari inarudishwa kwa beri. Beri za kawaida zinaongeza kidogo, Golden Razz inajaza moyo wote mara moja. Na kama Pokémon wako yupo kwenye jimu hiyo, unaweza kuwalisha walinzi hata ukiwa mbali, umekaa zako nyumbani.

Usimlishe wako peke yake. Wa kwanza kwenye foleni ndiye anayepokea kipigo cha kwanza, hata kama si wako. Ukimlisha yeye, umejilisha mwenyewe. Zaidi ya hapo, kila beri inakupa vumbi la nyota na pointi za beji ya jimu: 500 unapata shaba, 4,000 fedha, 30,000 dhahabu. Lakini hata kama visingekuwepo, mlishe.

Wakati huohuo uwe na kiasi. Mlinzi akishatimiza saa zake 8 na dakika 20, usimmwagie Golden Razz ili akae wiki nzima. Ameshamaliza kazi. Mwache arudi.

7. Panga siku zako

Kwa kuwa kikomo ni sarafu 50 kwa siku ya kurudi, walinzi watano wakirudi siku moja unapata 50 tu, na jasho la wanne limepotea. Una ruhusa ya kuwa na walinzi hadi kwenye jimu 20, lakini usiwarundike sehemu moja. Weka mmoja kwenye jimu yenye watu wengi, ambako atarudi kesho. Weka mwingine kwenye jimu iliyotulia, ambaye atakaa siku kadhaa na kukuletea siku ambayo hukutoka.

Mlinzi akiwekwa saa 2 usiku unaporudi kutoka mazoezi ya kwaya, saa 10:20 alfajiri ameshatimiza. Usiku washambuliaji ni wachache. Hata akitolewa asubuhi na watu wanaokwenda kazini, sarafu zako zipo. Ila usitoke usiku kwa ajili ya jimu tu. Simu inayong'aa gizani inaita wezi, na barabara haijui kama unacheza.

Sarafu 50 kwa siku ni nini? Tiketi ya reidi ni sarafu 100: siku mbili. Kuongeza nafasi 50 za begi ni sarafu 200: siku nne. Huyu mdogo wangu anayetembea kwa mguu anaweza kupata vyote hivyo ndani ya siku sita bila kugusa nauli.

8. Ulinde jimu kwa haki

Wapo wanaopata nafasi kwa njia nyingine. Wana akaunti ya pili ya rangi tofauti. Wanamtoa mlinzi mmoja wa timu yao wenyewe, kisha wanaingiza wao kwenye nafasi hiyo. Wengine wanadanganya mahali walipo, wako kitandani lakini gemu inawaona mjini. Yote mawili yanakatazwa na sheria za gemu. Lakini hata kabla ya sheria, fikiria: yule uliyemtoa pengine ndiye aliyembebea Blissey wako mgongoni jana. Na pengine ni mwanafunzi aliyekuwa anazihesabu sarafu hizo 50.

Kumtoa mpinzani wa timu nyingine si kosa, ndiyo gemu yenyewe, na kumbuka kumtoa ndiko kunakomlipa. Ila kama unaona walinzi wameingia nusu saa iliyopita na huna haraka, waachie wamalize saa zao. Sehemu nyingi wachezaji wa timu zote tatu wameelewana hivyo, na kila mmoja anapata riziki yake.

Mwisho, jimu nyingi ziko kwenye makanisa. Ikiwa jimu iko mlangoni pa parokia, weka mlinzi wako kabla ya Misa au baada yake, si katikati. Mlinzi uliyemchagua vizuri hahitaji uwe unamchungulia wakati wa mahubiri. Na mzee anayesali pembeni hajui unafanya nini. Anachoona ni kijana anayegonga kioo mbele za Mungu.

Maswali ya kujiuliza kabla hujaweka mlinzi

- Je, ninamchagua huyu kwa sababu anastahimili, au kwa sababu watu watamwona?
- Aliye mbele yangu kwenye foleni ana udhaifu gani, na mimi naufunikaje?
- Nimemlisha mwenzangu, au wangu tu?
- Nafasi hii nimeipata kwa haki?
- Hela iliyo mfukoni ina kazi gani iliyotangulia?

Jaribu wiki hii. Chagua mlinzi mmoja wa Kawaida, msomee foleni, mlishe jirani yake, kisha mwache afanye zamu yake. Na wewe mwenye nauli mfukoni, panda daladala.

Tuombeane.